Mtawa aliyeponeshwa na maziwa ya jirani

Ramadhani ikikaribia, mimi humkumbuka Mkristo mmoja, Charles de Foucauld. Alizaliwa Strasbourg, Ufaransa, mwaka 1858, akawa yatima angali mdogo. Ujanani alikuwa mwanajeshi mpenda anasa, dini ameiweka kando.

Mwaka 1883 aliingia Morocco kwa siri, akijifanya Myahudi. Huko aliwaona Waislamu wakisujudu popote swala ilipowakuta, na moyo wake ukatikisika. Mwaka 1886 aliirudia dini yake, kisha akawa mtawa.

Kuanzia 1905 aliweka makao Tamanrasset, katika jangwa la Algeria, kati ya Watuareg. Maisha yake yalikuwa kimya, chakula kidogo na saa nyingi za sala peke yake. Ukame wa 1908 ulimkuta hoi, hawezi hata kuinuka. Majirani zake Waislamu, nao wana njaa, wakamtafutia maziwa ya mbuzi hadi akapona.

Sifichi kwamba alikuwa na usuhuba na maafisa wa jeshi la kikoloni. Mwaka 1916 aliuawa kwa risasi hapo hapo Tamanrasset. Hakuacha kundi la waumini wapya. Aliacha kamusi ya lugha ya Watuareg.

Linaloninyima usingizi ni hili. Swala za watu asiowajua zilimrudisha kwa Mola wake. Sisi tukitoka msikitini hukaa barazani tukasengenya, hata tumefunga. Jirani asiye Muislamu anayetutazama, ataona nini cha kumtikisa moyo?