Abu Bakr ar-Razi: Tabibu na Swali Asilouliza

Katika ukurasa wetu wa watu mashuhuri, mwaka huu tunawaletea kwa ufupi maisha ya Abu Bakr Muhammad bin Zakariya ar-Razi, tabibu aliyezaliwa mwaka 251 Hijria (865) katika mji wa Rayy, karibu na Tehran ya leo, nchini Iran.

Ar-Razi alisimamia hospitali ya Rayy, kisha akasimamia ya Baghdad. Mwandishi Ibn an-Nadim ameeleza jinsi kikao chake kilivyokuwa. Wanafunzi walikaa mbele yake safu kwa safu. Mgonjwa aliwaeleza shida yake wale aliowakuta kwanza. Wakishindwa, aliwaendea wa safu ya pili, na wote wakishindwa ndipo ar-Razi mwenyewe alipozungumza. Alikuwa mkarimu, akiwahurumia mafakiri, akiwatibu na kuwapa masurufu.

Tuzingatie habari ya mgonjwa wake Abdallah bin Sawada. Mtu huyu alikuwa akishikwa na homa zisizo na siku maalumu. Ar-Razi aliona ama ni homa ya vipindi, au ana kidonda cha figo. Baadaye usaha ukatoka kwenye mkojo, ikabainika kuwa ni figo. Alimpa dawa za kukojoza mpaka mkojo ukasafika, na mgonjwa akapona.

Hata hivyo ar-Razi hakujisifu. Aliandika kwamba mgonjwa hakumwambia kuwa akisimama huhisi uzito kiunoni, na yeye tabibu alighafilika kumuuliza. Tabibu mkubwa namna ile aliandika upungufu wake ili wengine wajifunze! Kumbukumbu za wagonjwa wake zimo katika al-Hawi, kitabu kikubwa kilichokusanywa baada ya kufa kwake. Aliandika pia kitabu kwa ajili ya mtu asiyeweza kumpata tabibu.

Mwishoni mwa uhai wake alipofuka macho, akafariki mwaka 313 Hijria (925).

Wanafunzi wetu, miongoni mwenu watatoka madaktari na wauguzi, inshaallah. Basi mgonjwa akikaa mbele yako, muulize, kisha mwache amalize. Nanyi wazazi, mkifika hospitali msione haya kusema yote mnayoyahisi, hata yale msiyoulizwa, kwani huenda tiba imo katika neno hilo moja.

Wabillahi tawfiq.