Al-Jazari: Fundi Aliyechora Kila Alichokiunda



Tumezoea kusoma maisha ya maimamu wa fikihi, wapokezi wa hadithi na makamanda wa vita. Leo tumgeukie mtu wa karakana, aliyeishi kati ya shaba, mbao na maji. Huyu ni Badiuzzaman Abul-Izz Ismail ibn ar-Razzaz al-Jazari, mhandisi wa karne ya 6 Hijria. Wengi wameiona kazi yake bila kulijua jina lake. Ndugu zetu wanaofanya kazi Dubai wakipita Ibn Battuta Mall hukuta tembo mkubwa aliyebeba saa mgongoni. Tembo huyo ni nakala ya saa aliyoiunda yeye.

Tunamleta leo kwa sababu ya jambo linalotugusa hapa hapa Kampala. Benki, pesa za simu, kodi, hospitali na usajili wa wanafunzi vyote vinaendeshwa na mifumo ya kompyuta. Mifumo hiyo imekua mpaka hakuna mtu mmoja anayeijua yote. Wenzetu wanaosoma kompyuta wanajifunza kutumia programu zinazousoma mfumo mzima na kuuchora zenyewe: sehemu gani inazungumza na ipi, taarifa inatoka wapi na inaishia wapi. Swali linalotafutiwa jibu ni la zamani. Fundi wa kwanza akiondoka, wa pili atajuaje kilichofanywa? Al-Jazari alilishughulikia swali hilo miaka 800 iliyopita, kwa kalamu na wino.

Nchi yake na zama zake

Jina al-Jazari linatokana na al-Jazira, nchi iliyo kati ya mito Tigris na Euphrates, eneo ambalo leo limegawanyika kati ya Uturuki, Syria na Iraq. Habari za utoto wake hazikuandikwa. Karibu yote tunayoyajua juu yake yametoka katika kitabu chake mwenyewe, na humo hasemi mengi kuhusu nafsi yake. Anachosema kwa urefu ni kazi.

Zama zake ni zama za Salahuddin al-Ayyubi. Al-Quds ilirudi mikononi mwa Waislamu mwaka 1187, al-Jazari akiwa tayari kazini. Yeye aliwatumikia watawala wa ukoo wa Artuq katika nchi ya Diyar Bakr. Alianza utumishi mwaka 570 Hijria, yaani 1174 au 1175. Alimtumikia Nuruddin Muhammad, kisha mwanawe Qutbuddin Sukman, kisha mwana mwingine, Nasiruddin Mahmud. Watawala watatu walipokezana kiti, na fundi akabaki yule yule kwa miaka 25 na zaidi.

Hakuanza kutoka sifuri. Baghdad ya karne ya 3 Hijria ilikuwa imewatoa ndugu watatu waitwao Banu Musa, walioandika kitabu cha vifaa vya ajabu. Kulikuwa pia na maandiko ya Kigiriki yaliyotafsiriwa kwa Kiarabu, na maandishi juu ya saa ya maji yaliyonasibishwa kwa Archimedes. Al-Jazari aliyasoma hayo, akawataja waliomtangulia kwa heshima, kisha akayapima maneno yao kwa mikono yake. Kwake yeye, kifaa kilichoelezwa kwenye karatasi bila kujaribiwa kilikuwa bado katikati ya ukweli na uongo.

Saa zinazorefuka na kufupika

Sisi tunaozungumza Kiswahili tuna bahati ya kumwelewa upesi. Tunahesabu saa tangu jua linapochomoza, na saa moja yetu ni asubuhi. Watu wa zama zake nao waligawa mchana sehemu 12, tangu macheo hadi machweo. Hapa kwetu karibu na ikweta mchana haubadiliki sana mwaka mzima. Diyar Bakr si hivyo. Katikati ya kiangazi mchana wake huzidi saa 14 za leo, na katikati ya baridi hupungua chini ya saa 10. Kwa hiyo sehemu moja ya mchana ilikuwa ndefu wakati wa joto na fupi wakati wa baridi, na saa ya maji ilipaswa kulifuata jua siku baada ya siku.

Vifaa vya waliomtangulia vya kurekebisha mwendo wa maji alivijaribu, akaona havitoi hesabu sahihi. Akatengeneza chake, akipima kidogo kidogo mpaka maji yakatoka kwa kasi inayolingana na siku husika. Katika saa yake kubwa yenye umbo la kasri, milango ilifunguka kila saa, ndege wa shaba wakadondosha tufe kwenye vyombo, na sanamu za wapiga ngoma na tarumbeta zikatoa sauti.

Saa ya tembo ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi akili yake. Tumboni mwa tembo kuna tangi la maji, na juu ya maji kunaelea bakuli lenye tundu dogo lililopimwa. Maji huingia polepole, na baada ya nusu saa bakuli huzama. Linapozama huvuta kamba, na kamba huachia tufe moja kutoka juu ya kibanda kilicho mgongoni. Tufe hupita, ndege aliye kileleni akazunguka, kisha huangukia kinywani mwa nyoka. Uzito wa tufe humwinamisha nyoka, na nyoka akiinama hulivuta lile bakuli kutoka majini. Tufe linatua kwenye chombo, mwongoza tembo anapiga, nyoka anarudi juu, bakuli linaanza kujaa upya. Hakuna mkono wa mtu unaogusa kitu. Mwisho wa mzunguko ndio unaoanzisha mzunguko mwingine.

Umbo lenyewe limebeba dunia nzima ya wakati ule: tembo wa India, nyoka wa mtindo wa China, ndege wa Misri, na juu yake wanaume waliovaa vilemba.

Maji ya udhu

Mfalme Nasiruddin Mahmud hakupenda mtumishi ammiminie maji anapotawadha. Akamwomba al-Jazari kifaa cha kufanya kazi hiyo. Fundi akaunda umbo la mtumishi aliyeshika birika, linalomimina maji ya kutosha kisha linanyoosha mkono wenye taulo na kioo. Mwanafunzi wa fikihi atauliza kuhusu sanamu, na mjadala huo una mahali pake. Kwa mhandisi, cha kutazama ni kwamba kipimo cha maji na mpangilio wa hatua vilikuwa ndani ya chombo chenyewe.

Tusimtakase kupita kiasi pia. Alikuwa fundi wa kasri, na katika vifaa vyake 50 alivyoviandika, 10 ni vyombo vya kuchezea katika vikao vya vinywaji vya wakubwa. Lakini fundi huyo huyo alitengeneza mabeseni ya kupimia damu kwa wanaoumikwa, ili mgonjwa ajue kiasi kilichotoka. Aliunda mlango wa shaba wa kasri na kufuli linalofunguka kwa herufi. Tena aliunda mashine 5 za kupandisha maji. Moja kati yake ni pampu ya silinda mbili inayosukumwa na gurudumu la mto: silinda moja ikivuta maji, nyingine inayasukuma juu. Wanahistoria wa uhandisi wanaihesabu pampu hiyo miongoni mwa kazi zake kubwa kuliko zote.

Kitabu

Siku moja mfalme alimweleza hofu yake: kazi hizi hazina mfano, na zisipoandikwa zitapotea. Akamwagiza akusanye alivyovibuni katika kitabu. Al-Jazari anaeleza kwamba alisita mwanzoni, kisha akatii. Kitabu kilikamilika mwaka 602 Hijria, sawa na mwaka 1206, na jina lake linaahidi kukusanya pamoja elimu na kazi yenye manufaa katika ufundi wa vifaa.

Namna alivyokipanga ndiyo inayotuhusu. Vifaa vimegawanywa katika mafungu 6. Kila kifaa kinaanza kwa sura ya nje: anayekitazama anaona nini na kinafanya nini. Kisha mwandishi anaingia ndani, sehemu moja baada ya nyingine, na kila hatua ina mchoro wake. Juu ya mchoro ameweka herufi, na maelezo yanarejea herufi hizo, ili msomaji ajue bomba gani linaingia tangi gani. Ukichanganyikiwa katika sehemu ndogo, unarudi kwenye mchoro mkubwa. Anasema wazi kwamba hakuhangaika na michoro mizuri. Lengo lake lilikuwa kifaa kieleweke kwa ujumla na kwa kila kipande.

Anaeleza pia mbinu. Alitumia vielelezo vya karatasi kuhakikisha umbo kabla ya kukata shaba, na vigezo vya mbao vya kufuatisha. Alisaga vali na makalio yake pamoja kwa unga mkali mpaka zisivuje. Na mara nyingi anasema kwa nini: hiki nilikijaribu hakikufaa, kwa hiyo nikafanya hivi.

Kutoka wino hadi kompyuta

Kompyuta zilipokuja, watu walirudi kwenye shida ile ile. Programu ni mashine isiyoonekana, na aliyeiandika huiona kichwani mwake peke yake. Mwaka 1959 Lois Haibt wa kampuni ya IBM, mmoja wa walioiunda lugha ya Fortran, aliwasilisha programu inayosoma programu nyingine na kuchora mtiririko wake yenyewe. Mwaka 1997 ilipitishwa UML, lugha ya michoro ambayo wanafunzi wa kompyuta bado wanafundishwa. Leo zana za aina hiyo huchora mfumo wa kampuni nzima kwa muda mfupi.

Faida yake ni ya kweli. Mchoro wa mkono huzeeka: fundi anabadilisha mfumo Jumanne, na karatasi iliyobandikwa ukutani inaendelea kuonyesha hali ya mwaka jana. Mchoro unaotolewa na mashine unaonyesha kilichopo sasa.

Lakini msomaji wa al-Jazari anaona pengo. Mashine itakuonyesha kwamba sehemu hii imeunganishwa na ile. Haiwezi kukuambia kwamba ziliunganishwa hivyo kwa sababu njia ya kwanza ilijaribiwa ikashindwa. Jambo hilo liko katika kichwa cha aliyejaribu, na asipoliandika anaondoka nalo. Atakayerithi mfumo atauona ule mzunguko wa ajabu, ataudhani ni makosa, atauondoa, na kesho yake malipo yatagoma.

Baada yake

Nakala ya kale zaidi ya kitabu tuliyonayo, iliyohifadhiwa Topkapi mjini Istanbul, ilinakiliwa mwaka ule ule wa 1206, miezi michache tu baada ya kitabu kukamilika. Aliyeinakili anamtaja mwandishi kama mtu aliyekwisha kufariki. Maana yake ni kwamba kati ya kumaliza kuandika na kuondoka duniani palikuwa na muda mfupi mno. Mfalme angechelewa mwaka mmoja kumwagiza, tusingekuwa na kitu.

Watawala wa Artuq walipita, na vifaa vyenyewe havikubaki. Kitabu kikaendelea kunakiliwa karne baada ya karne, na kurasa za nakala zake zimetawanyika katika makumbusho ya dunia. Mwaka 1974 Donald Hill alikitafsiri kwa Kiingereza, na muda si mrefu mafundi wakaanza kuziunda upya saa zake wakifuata herufi zile zile. Zikafanya kazi. Mtu aliyekufa zaidi ya karne saba aliwafundisha mafundi wasiojua hata lugha yake.

Wahenga walishatuonya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Misikiti mingapi ina pampu ya kisima iliyofungwa na fundi aliyehama, na leo hakuna anayejua vali ipi inafunga bomba lipi? Jumuiya ngapi za wanafunzi zinaanza upya kila mwaka kwa sababu viongozi waliohitimu waliondoka na kila kitu kichwani? Anayesoma kompyuta, anayesoma uhandisi na sisi tunaosoma dini tunaweza kuanza na kilicho mikononi mwetu: tuchore kinavyofanya kazi, tuweke herufi kwenye kila kipande, na pembeni tuandike kwa nini. Programu ikituchorea mchoro, tuipokee kwa shukrani, kisha tujaze ile sehemu ambayo haiwezi kuijaza.

Allah amrehemu al-Jazari, na ajaalie elimu aliyoiacha iwe yenye manufaa kwetu na kwa watakaokuja baada yetu. Amin.