Naibu Spika Aliyekataa Kudai Ushahidi

Likizo iliyopita tulikutana Nyakanazi, wanafunzi wa vyuo mbalimbali tunaotoka Ngara na Biharamulo. Nyakanazi inafaa kwa vikao kwa sababu ni njia panda: anayetoka Rulenge au Kabanga anashuka na gari za Rusumo kupitia Lusahunga, anayetoka Biharamulo mjini hachoki sana, na hakuna anayeweza kusema kikao kimepelekwa kwa wakwe zake. Tulikodi ukumbi, viti vya plastiki, soda moja moja, ajenda sita. Mimi ndiye katibu.

Ajenda ya nne ilikuwa michango. Mwenzetu mmoja wa mwaka wa pili, kwao Ngara, akasimama akauliza mbona taarifa ya fedha imeletwa bila risiti hata moja. Akaongeza kwamba umoja wetu umeshakufa, kilichobaki ni mali ya watu watatu. Ukumbi ukalipuka. Mwenyekiti akagonga meza, akamtaka athibitishe au afute kauli. Sasa athibitishe na nini, wakati makaratasi yote wanayo haohao anaowauliza? Akasimama tu, ameduwaa. Ndipo mtu mmoja kule nyuma akapaza sauti kwamba jamaa huyu hata mwenyeji si mwenyeji, kwao walikuja na wakimbizi wa mwaka 1994. Watu wakacheka. Jamaa akafuta kauli, akakaa. Nami nikaandika kwenye muhtasari: kauli imefutwa.

Niliporudi chuoni nikawa nasoma kwa ajili ya kozi ya siasa za Afrika Mashariki, nikakutana na mtu ambaye nilikuwa nikimsikia kwa jina tu. Anaitwa Jean-Marie Seroney, mbunge wa Kenya, amefariki tangu Desemba 1982. Nikasoma maisha yake usiku kucha, na kila nilipofunua ukurasa nilikuwa naiona ile ajenda ya nne. Wacha niwasimulie.

Seroney alizaliwa miaka ya 1920 katika nchi ya Wanandi, magharibi mwa Kenya. Kuelewa siasa zake ni lazima kujua ardhi ile. Wanandi walipigana na Waingereza kwa zaidi ya miaka kumi kuzuia ukoloni na reli, mpaka kiongozi wao Koitalel arap Samoei alipouawa mwaka 1905 kwenye mkutano alioambiwa ni wa kutafuta amani. Baada ya hapo sehemu nzuri ya ardhi yao iligawiwa walowezi, na leo ukipita Nandi Hills unaona chai mpaka macho yachoke. Mtoto wa Kinandi wa kizazi cha Seroney alikua akioneshwa kwa kidole: kule palikuwa petu.

Alisoma Alliance, akaenda Makerere, kisha India na Uingereza kusomea sheria. Alikuwa mmoja wa Wakalenjin wa kwanza kabisa kuwa wanasheria. Mtu wa namna hiyo wakati ule angeweza kufungua ofisi Nairobi na kula maisha. Yeye akaingia bungeni mwanzoni mwa miaka ya 1960, akiwa upande wa KADU, chama cha Ronald Ngala, Masinde Muliro na Daniel arap Moi. KADU ndiyo iliyokuwa upinzani rasmi Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963. Hoja yake kubwa ilikuwa majimbo: makabila madogo yasimezwe na makubwa, na kila eneo liwe na sauti juu ya ardhi yake.

Upinzani ule haukuishi. Novemba 1964 KADU ilijivunja, wabunge wake wakahamia KANU ya Jomo Kenyatta. Moi akapata uwaziri na mwaka 1967 akawa Makamu wa Rais. Seroney naye alihamia KANU, maana hapakuwa na pengine pa kwenda. Lakini alihamisha kadi tu, msimamo aliubakiza palepale. Oginga Odinga alipoanzisha KPU mwaka 1966 nayo ikapigwa marufuku mwaka 1969, na kuanzia hapo upinzani wa Kenya haukuwa tena chama. Ulikuwa watu wachache waliokaa ndani ya chama tawala wakiuliza maswali, na Seroney alikuwa mmoja wao.

Swali lake kubwa lilikuwa ardhi. Sera ya serikali ilikuwa kwamba mlowezi anayetaka kuondoka auze na Mwafrika mwenye uwezo anunue, kwa fedha ambazo sehemu yake ilikuwa mikopo kutoka Uingereza. Ukiisikia haraka utaona ni haki tupu. Seroney aliuliza jambo ambalo mwanasheria yeyote angeuliza: mali iliyoporwa, inakuwaje mwenyewe aambiwe ainunue? Na kama hana fedha, inakuwaje auziwe mtu mwingine aliyetoka mbali, kwa sababu tu ana kampuni au ana ndugu serikalini? Julai 1969 aliongoza mkutano Nandi Hills uliotoa tamko maarufu, Azimio la Nandi, kudai ardhi ile kuwa ya Wanandi. Serikali ikamshtaki kwa uchochezi, akapatikana na hatia, akatozwa faini. Wananchi wake wakamrudisha bungeni.

Mwaka 1974 alirudi tena kupitia Tinderet. Uchaguzi huo uliingiza bungeni watu wengi wenye midomo, akiwemo Chelagat Mutai wa Eldoret Kaskazini, binti wa miaka ishirini na kitu ambaye muda si mrefu alikuwa mwanaharakati wa wanafunzi Chuo Kikuu cha Nairobi. Wabunge wa viti vya nyuma wakamtaka Seroney awe Naibu Spika. Serikali haikupenda, bunge likaahirishwa, lakini Februari 1975 akakikalia kiti hicho.

Ulikuwa mwaka mbaya. Machi 1975 J.M. Kariuki, mbunge aliyekuwa akisema waziwazi juu ya matajiri wachache na maskini wengi, alionekana mara ya mwisho kwenye hoteli moja katikati ya Nairobi, kisha mwili wake ukapatikana milima ya Ngong. Bunge likaunda kamati kuchunguza, na taarifa yake ikawaelekea wakubwa wa polisi. Masinde Muliro, waziri, alipiga kura upande wa kuikubali, akapoteza uwaziri. Kila mbunge akajua sasa kusema kuna bei.

Ikafika Oktoba. Martin Shikuku, mbunge wa Butere, alisema bungeni kwamba wapo wanaotaka kuliua Bunge kama KANU ilivyouawa. Upande wa serikali ukaruka juu kudai athibitishe kwamba KANU imekufa. Aliyekaa kwenye kiti siku ile ni Seroney. Kwa kanuni za mabunge yetu yote haya, tuliyorithi Westminster, alikuwa na njia rahisi: angemwambia Shikuku athibitishe au afute, Shikuku angefuta, watu wakaenda kunywa chai. Seroney aliamua vingine. Alisema jambo ambalo kila mtu analiona halihitaji kuthibitishwa. Kwa kweli KANU ilikuwa haijafanya uchaguzi wa maana wa viongozi wake kwa miaka mingi, na hakuna aliyekuwamo ukumbini asiyejua hilo.

Tarehe 15 Oktoba 1975 polisi waliingia kwenye eneo la Bunge lenyewe wakawakamata wote wawili, Shikuku na Naibu Spika. Hawakushtakiwa mahakamani. Waliwekwa kizuizini bila kesi, na walikaa huko miaka mitatu. Chelagat Mutai naye mwaka 1976 alifungwa jela, kwa kosa la kuchochea wananchi kwenye shamba la mkonge. Shikuku na Seroney walitoka tarehe 12 Desemba 1978, baada ya Kenyatta kufariki na Moi kuwa Rais, siku ileile aliyoachiwa Ngũgĩ wa Thiong'o. Uchaguzi wa mwaka 1979 kiti cha Tinderet kikachukuliwa na Henry Kosgey. Miaka mitatu baadaye Seroney akafariki. Hakuishi kuona vyama vingi vikirudi.

Hadi hapo, ndugu msomaji, nilikuwa nimeshapata shujaa wangu na makala yangu. Ningeweza kuishia hapo, nimpige mwenyekiti wetu kijembe, nishangiliwe. Shida ni kwamba maisha ya Seroney yana upande wa pili, na upande huo ndio ulioninyima usingizi.

Oktoba 1991, miaka tisa baada ya kifo chake, yalianza mapigano ya kikabila ya Bonde la Ufa. Yalianzia shamba la Miteitei, na Miteitei iko Tinderet, jimboni kwa Seroney. Waliochomewa nyumba ni watu wa makabila mengine waliokuwa wamenunua sehemu kwenye shamba lile. Waliambiwa si wenyeji, warudi kwao. Yakasambaa, na baada ya uchaguzi wa mwisho wa mwaka 2007 yakarudi tena kwa ukubwa wa kutisha. Waliofaidika kisiasa mwaka 1991 walikuwa wakubwa wa chama tawala, haohao ambao Seroney aliwapinga. Lakini maneno waliyotumia ya mwenyeji na mgeni, na ya ardhi ya mababu, yalikuwa ndugu wa damu wa maneno ya Azimio la Nandi.

Simlaumu kwa moto aliouwasha mwingine. Yeye alidai haki mbele ya serikali, hakumtuma mtu na kibiriti. Ila sitaki pia kujifanya sikuona. Swali lake lilikuwa sahihi: nani aliichukua ardhi hii na kwa nini anayeilipia ni aliyeporwa? Jibu lake likaacha tundu: ikiwa ardhi ni ya waliozaliwa na damu fulani, jirani aliyenunua kwa jasho lake na kuzika wazazi wake pale anakuwa nani?

Sisi wa Ngara na Biharamulo tulijue hili kuliko wengine. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao robo milioni walivuka Rusumo ndani ya saa 24, Benaco ikageuka mji. Kabla yao walikuja wengine, toka mwaka 1959 kule Rwanda kulipochafuka, na wapo waliopokewa Muyenzi, hapohapo Ngara. Mwaka 2013 Operesheni Kimbunga ilipopita Kagera, Kigoma na Geita, kijana aliyezaliwa hapa alijikuta anaulizwa babu yake kazikwa wapi. Mipaka hii ilichorwa na Wazungu katikati ya watu wanaooana na kusalimiana kwa lugha zinazoelewana. Neno mwenyeji kwetu ni zito, linaweza kumfukuza mtu kwenye shamba, shuleni, hata kwenye kikao cha soda.

Na suala la upinzani tusilione la Kenya tu. Biharamulo ni wilaya iliyompeleka bungeni John Magufuli kupitia jimbo la Biharamulo Mashariki mwaka 1995, na mwaka 2005 jimbo la Biharamulo Magharibi likamchagua Phares Kabuye wa TLP. Wazee wetu walijua kwamba mtu anayeuliza maswali magumu ni wa nyumbani vilevile. Sisi wasomi ndio tumesahau?

Narudi Nyakanazi. Siku ile mambo mawili yalitokea kwa dakika zisizozidi tano. Kwanza, kiti kilitumia kanuni kumfunga mdomo muuliza swali, kwa kumdai ushahidi ambao kiti chenyewe kilikuwa kimeukalia. Pili, tulipoona swali halina jibu tukaliacha swali tukamgeukia muulizaji, tukamuuliza kwao wapi. Seroney alipokuwa kwenye kiti alikataa lile la kwanza, akalilipia miaka mitatu. Hilo la pili hakulimaliza maishani mwake, alituachia sisi.

Mimi sikufungwa, sikutozwa faini. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu na nikaandika kauli imefutwa, nikapiga mstari, tukaenda ajenda ya tano. Ile kauli haikufutwa, ilizimwa. Na ile sauti ya kule nyuma, ambayo kwa kweli ndiyo iliyostahili kufutwa, sikuiandika kabisa, kana kwamba hakuna aliyesema.

Kikao kijacho ni likizo ya Julai, Nyakanazi palepale. Kwa desturi tunaanza kwa kusoma na kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita. Hapo katibu ana haki ya kuleta masahihisho kabla mwenyekiti hajatia saini. Nimeyaandika tayari, ni mawili, na nitayasoma nimesimama. Nimemtumia yule mwenzetu nakala. Amenijibu kwamba atakuja, na kwamba bado anataka kuona risiti.