Oskar Fischinger

Oskar Wilhelm Fischinger (22 Juni 1900 – 31 Januari 1967) alikuwa mtengenezaji wa filamu na mchoraji kutoka nchini Ujerumani, ambaye tangu mwaka 1936 aliishi na kufanya kazi Los Angeles, Marekani. Anajulikana hasa kwa filamu fupi ambazo ndani yake maumbo matupu kama duara, mistari, miraba na mawimbi hutembea kwa kufuata muziki. Filamu hizo hazina hadithi, hazina waigizaji na hazina maneno. Kwa sababu hiyo, na kwa sababu baadhi yake zilitumika kutangaza santuri, mara nyingi anahesabiwa kati ya watangulizi wa video za muziki, nusu karne kabla ya kituo cha televisheni cha MTV kuanza matangazo yake mwaka 1981.

Maisha ya awali

Fischinger alizaliwa Gelnhausen, mji mdogo ulio karibu na Frankfurt. Baada ya kumaliza shule aliingia katika karakana ya kutengeneza vinanda vya kanisani kama mwanagenzi. Huko alijifunza namna urefu wa bomba unavyoamua ukali au uzito wa sauti, na pia hesabu ya sauti zinazopatana. Mafunzo hayo yalikatizwa na Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, wenye karakana walipochukuliwa jeshini. Yeye mwenyewe hakupelekwa vitani kwa sababu ya afya. Kijana huyo alifanya kazi ya kuchora ramani za majengo, kisha familia ikahamia Frankfurt, ambako aliingia kiwandani na kuhitimu uhandisi mwaka 1922.

Mjini Frankfurt alifahamiana na Bernhard Diebold, mhakiki wa tamthilia aliyeamini kwamba filamu inaweza kuwa sanaa ya picha zinazosikika kama muziki. Kupitia kwake, Fischinger alizijua kazi za Walter Ruttmann, mmoja wa waanzilishi wa filamu za sanaa dhahania nchini Ujerumani. Hapo ujuzi wake wa aina mbili, wa vinanda na wa mashine, ulipata kazi moja ya kufanya.

Munich na mashine ya nta

Mwaka 1922 Fischinger alihamia Munich. Alibuni mashine ya kukata nta: donge la nta za rangi mbalimbali lilikatwa kipande chembamba baada ya kipande, na kamera ikapiga picha moja kila kisu kilipopita. Picha hizo zilipooneshwa mfululizo, umbo lililofichika ndani ya donge lilionekana likikua, likijipinda na kutoweka. Ruttmann alipata kibali cha kuitumia mashine hiyo, na kazi yake ilisaidia katika mandhari ya filamu ya vivuli ya Lotte Reiniger iliyoitwa Die Abenteuer des Prinzen Achmed (1926).

Katika miaka hiyohiyo Fischinger alishirikiana na Alexander László, mwanamuziki kutoka Hungaria aliyekuwa akifanya maonyesho ya piano na taa za rangi. Baadaye aliandaa maonyesho yake mwenyewe kwa kutumia projekta kadhaa kwa wakati mmoja.

Lakini kazi hizo hazikumtajirisha. Mwaka 1927, akiwa na madeni, aliondoka Munich kwa miguu akiwa na kamera na kutembea hadi Berlin. Njiani alipiga picha moja moja za watu, mashamba na mawingu, na safari ya majuma kadhaa ikawa filamu ya dakika chache tu.

Filamu za Studie

Mjini Berlin Fischinger aliajiriwa kutengeneza picha za kiufundi katika filamu ya Fritz Lang, Frau im Mond (1929), iliyohusu safari ya kwenda mwezini. Akiwa katika kazi hiyo alivunjika kifundo cha mguu. Alipokuwa amelazwa hospitalini alianza kuchora kwa mkaa kwenye karatasi, mchoro mmoja baada ya mwingine, na hivyo ukaanza mfululizo wa filamu nyeusi na nyeupe alizoziita Studie na kuzipa namba.

Filamu ya sauti huenda kwa fremu 24 kila sekunde. Kwa hiyo filamu ya dakika 3 inahitaji fremu 4,320, na Fischinger alichora kwa mkono. Kila pigo la muziki lilipaswa kupangiwa fremu yake kabla ya kuanza kuchora, kwa kuwa kosa la fremu chache lilitosha kufanya picha ichelewe nyuma ya sauti. Kadiri kazi ilivyoongezeka alisaidiwa na mdogo wake Hans na baadaye na Elfriede, ambaye alimwoa mwaka 1932.

Filamu za mwanzo katika mfululizo huo zilifungamanishwa na santuri za kampuni ya Electrola. Mtazamaji alioneshwa jina la santuri iliyotumika ili akitaka aende dukani kuinunua. Huo ni utaratibu uleule wa video ya muziki ya siku hizi: picha inapendeza yenyewe, na papo hapo inauza wimbo.

Mtindo wa picha na aina ya muziki

Fischinger hakutumia mtindo mmoja wa picha kwa muziki wote. Alibadilisha umbo, mwendo na rangi kulingana na aina ya muziki aliokuwa nao.

Katika Studie Nr. 7 (1931), iliyofuata dansi ya Kihungaria namba 5 ya Johannes Brahms, mistari mikali huchomoka kutoka gizani na kupasua skrini. Dansi hiyo hukimbia, husita, kisha hukimbia tena, na mistari hufanya vivyo hivyo. Katika Studie Nr. 8, iliyofuata muziki wa okestra wa Paul Dukas, maumbo ni mengi zaidi na hujaza skrini kwa makundi, kwa kuwa ala zinazosikika ni nyingi. Filamu hiyo inakatika kabla ya muziki kwisha, kwa sababu Fischinger alishindwa kulipia haki za kutumia upande wa pili wa santuri.

Katika Komposition in Blau (1935), iliyofuata utangulizi wa opera ya kuchekesha ya Otto Nicolai, alitumia vitu halisi: miraba na mitungi midogo ya rangi iliyosogezwa kidogo kidogo mbele ya kamera. Muziki ni wa furaha, na vitu hivyo hujipanga, hugongana na kuruka kama watoto wachezao. American March (1941), iliyofuata wimbo wa gwaride wa John Philip Sousa, ina rangi na michirizi ya bendera ya Marekani, ambayo huyeyuka na kuingiliana. Allegretto, iliyofuata muziki wa jazi wa Ralph Rainger, ina duara zinazopanuka polepole nyuma wakati maumbo ya almasi yakicheza mbele kwa kasi nyingine. Hivyo mpangilio wa jazi, wa mapigo ya chini yanayodumu na sauti za juu zinazojiachia, unaonekana kwa macho.

Hata hivyo, Fischinger hakupenda filamu zake zichukuliwe kama tafsiri ya muziki. Kwake muziki ulikuwa msaada wa kumwezesha mtazamaji wa kawaida kuingia katika sanaa ngeni. Ili kuthibitisha kwamba picha zinaweza kusimama zenyewe, mwaka 1942 alitengeneza Radio Dynamics, filamu isiyo na sauti kabisa, ambayo mapigo yake yamo katika rangi na maumbo peke yake.

Mwaka 1932 alifanya jaribio la kinyume chake. Alichora mapambo, akayapiga picha kwenye sehemu ya ukanda wa filamu inayobeba sauti, na projekta ikayasoma kama sauti. Hivyo badala ya kuchora kile alichokisikia, watu walikisikia alichokichora.

Rangi, matangazo ya biashara na utawala wa Wanazi

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Fischinger alishirikiana na Béla Gáspár, mvumbuzi kutoka Hungaria, katika kuendeleza mfumo wa filamu za rangi ulioitwa Gasparcolor. Kwa kutumia mfumo huo alitengeneza Kreise, filamu ya duara za rangi.

Lakini mwaka 1933 chama cha Wanazi kilishika madaraka. Utawala huo uliichukulia sanaa dhahania kuwa sanaa potovu, na msanii aliyeifanya alihatarisha riziki yake. Kreise ilipita kwa sababu ilikuwa tangazo la kampuni ya matangazo ya Tolirag: maneno ya biashara yaliwekwa mwishoni, na dakika zote zilizotangulia zikabaki kuwa sanaa. Mwaka 1934 alitengeneza pia tangazo la sigara za Muratti, ambamo sigara hupiga gwaride na kucheza kwa kufuata muziki wa baleti. Watu walilipenda sana, nalo likamletea kazi zaidi za matangazo.

Fedha za matangazo ndizo zilizomwezesha kutengeneza Komposition in Blau. Filamu hiyo ilisifiwa nje ya nchi, jambo lililomfanya aonekane zaidi machoni pa watawala wasiopenda sanaa ya namna yake. Mnamo Februari 1936, baada ya kupata mkataba na kampuni ya Paramount, aliondoka Ujerumani kwenda Hollywood.

Maisha nchini Marekani

Paramount ilimpa kazi ya kutengeneza sehemu fupi ya filamu The Big Broadcast of 1937. Fischinger aliiandaa kwa rangi, lakini studio ilitaka picha nyeusi na nyeupe. Kwake rangi ilikuwa sehemu ya muziki wenyewe, kwa hiyo alikataa na kuuacha mkataba. Miaka kadhaa baadaye aliipata tena kazi hiyo kwa msaada wa taasisi ya Guggenheim, akaikamilisha kwa rangi. Ndiyo Allegretto inayojulikana leo.

Kwa kampuni ya MGM alitengeneza An Optical Poem (1938), iliyofuata rapsodia ya Kihungaria namba 2 ya Franz Liszt. Karatasi zilizokatwa zilining'inizwa kwa nyuzi na kusogezwa kwa fimbo fremu baada ya fremu. Kati ya waliomsaidia kwa muda mfupi alikuwa kijana John Cage, aliyekuja kuwa mtunzi mashuhuri wa muziki. Cage alieleza baadaye kwamba mawazo ya Fischinger kuhusu sauti iliyomo ndani ya kila kitu yalimsukuma kuanza kutunga muziki wa ngoma na vyombo vya kugongwa.

Kuanzia mwaka 1938 Fischinger aliajiriwa na Walt Disney. Kazi yake kubwa ilikuwa michoro ya sehemu ya kwanza ya Fantasia (1940), iliyofuata Toccata na Fuga ya Johann Sebastian Bach. Huko alikuwa mmoja tu kati ya wafanyakazi wengi. Michoro yake ilirahisishwa na kubadilishwa ili ifanane na vitu vinavyojulikana, na Kiingereza chake kilikuwa bado kidogo kwa kujitetea. Aliondoka Oktoba 1939, na jina lake halikutajwa katika filamu hiyo.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alihesabiwa kuwa raia wa nchi adui, hivyo kupata kazi kulikuwa kugumu. Alitegemea hasa misaada ya taasisi ya Guggenheim iliyopitia kwa Hilla von Rebay. Kwa fedha hizo alitengeneza Motion Painting No. 1 (1947), iliyofuata Concerto ya Brandenburg namba 3 ya Bach. Alipaka rangi ya mafuta juu ya bamba angavu la plastiki na kupiga fremu moja kila baada ya mguso wa brashi, kwa miezi kadhaa, bila kuweza kuona matokeo hadi kazi ilipokwisha. Safari hii picha hazikufuata kila noti. Zilijengeka polepole tabaka juu ya tabaka, kama muziki wa Bach unavyojengeka.

Rebay hakuridhika nayo, na misaada ikakoma. Mwaka 1949 filamu hiyohiyo ilipata tuzo kubwa katika tamasha la filamu za majaribio nchini Ubelgiji. Hata hivyo, Fischinger hakupata tena fedha za kutengeneza filamu nyingine kubwa.

Miaka ya mwisho

Fischinger aligeukia uchoraji wa rangi za mafuta, kazi aliyokuwa ameianza alipofika Marekani, na mara chache alitengeneza matangazo ya televisheni. Alibuni pia Lumigraph, chombo cha kucheza mwanga wa rangi kwa mikono, alichokipatia hataza mwaka 1955. Mchezaji husukuma kitambaa laini cha mpira ili sehemu zake zifikie miale ya rangi, na mtazamaji huona rangi zikitokea na kupotea gizani. Chombo hicho kilioneshwa katika filamu ya kubuni The Time Travelers (1964).

Alifariki mjini Los Angeles tarehe 31 Januari 1967.

Urithi

Norman McLaren, mtengenezaji filamu mashuhuri wa Kanada, alivutiwa na sanaa hii baada ya kuiona Studie Nr. 7 alipokuwa mwanafunzi huko Uskoti. Jordan Belson na Harry Smith nchini Marekani nao waliathiriwa na kazi zake.

Elfriede Fischinger alitunza filamu, michoro na karatasi za mumewe hadi alipofariki mwaka 1999. Mwaka 1997 Motion Painting No. 1 iliingizwa katika orodha ya filamu zinazohifadhiwa na Maktaba ya Bunge la Marekani. Mwaka 2012 maonyesho yake ya projekta nyingi ya miaka ya 1920 yalirejeshwa na kuoneshwa katika makumbusho ya Tate Modern, London, na Whitney, New York.

Njia alizozitumia, yaani kukata picha kwa mapigo, kupanga rangi kulingana na hali ya wimbo na kuipa kila aina ya muziki umbo lake, zinaendelea kutumika katika video za muziki, hata pale ambapo watengenezaji wake hawalijui jina lake.