Habari za Sayyida Salma binti Said

Sayyida Salma, bintiye Sayyid Said, alizaliwa Unguja mwaka 1844. Zama zile mabinti walifunzwa kuisoma Kurani, si kuandika. Akajifunza kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia, kama watoto wetu wa Nachingwea na Ruangwa waandikavyo ubaoni. Mwaka 1859 kalamu hiyo ikaandika barua za fitina ya Barghash juu ya Sayyid Majid, nao wote ni nduguze.

Mwaka 1867 alibatizwa Aden, akaolewa na Mjerumani. Jambo hilo twalichukia, wala hatulifichi. Barghash hakumpokea tena. Alikufa Jena mwaka 1924. Karatasi zake zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, na ndani yake mna barua kwa rafiki wa Unguja asiyetajwa jina, zilizoandikwa kwa Kijerumani.