FUNDI WA MEZA YA MFALME

Wapo baadhi yetu ambao wakisikia neno seremala hukunja uso, eti hiyo ni kazi ya walioshindwa na masomo. Hebu basi tumtazame Jean-Henri Riesener, seremala aliyetegemewa na wafalme.

Riesener alizaliwa mwaka wa 1734 huko Gladbeck, Ujerumani. Angali kijana, alifunga safari hadi Paris, Ufaransa, akapata kazi katika karakana ya Jean-François Oeben, Mjerumani mwenzake aliyekuwa seremala wa mfalme. Mwaka wa 1760, Mfalme Louis wa 15 aliagiza meza ya kuandikia. Haikuwa meza hivi hivi tu! Ilikuwa na kifuniko cha kubingirika, na ufunguo ukizungushwa mara moja, meza nzima pamoja na watoto wake hujifunga. Ubavuni palikuwa na visanduku vya wino ambavyo mtumishi aliweza kuvijaza bila kuifungua meza na kuona siri za mfalme.

Oeben alifariki mwaka wa 1763, meza bado haijakamilika. Mjane wake aliendelea na karakana, naye Riesener akawa msimamizi. Jasho lilikuwa lake, lakini samani zilipigwa muhuri wa marehemu, kwani yeye hakuwa ametambuliwa na chama cha mafundi. Alivumilia. Mwaka wa 1767 alimwoa mjane huyo, na mwaka uliofuata akatambuliwa rasmi kuwa fundi mkuu. Meza ilipokamilika mwaka wa 1769, jina lililoandikwa juu yake lilikuwa la Riesener.

Je, urembo wake ulifanywaje? Maua unayoyaona hayakuchorwa kwa rangi. Ni njumu: vipande vyembamba vya mbao za aina mbalimbali, vingine vikiwa vimetiwa rangi, vilivyokatwa kwa msumeno mdogo na kupachikwa kimoja kando ya kingine. Pembeni kuna mapambo ya shaba yenye kung'aa. Mafundi wa shaba walichanganya dhahabu na zebaki, wakaipaka shaba, kisha wakaichoma hadi zebaki ikatoka kama mvuke. Mvuke huo ni sumu, na wengi uliwaharibu afya. Uzuri ule ulikuwa na gharama yake.

Louis wa 16 alipoanza kutawala mwaka wa 1774, Riesener alifanywa seremala wa mfalme. Alitengeneza samani kwa mamia, akatajirika. Mwaka wa 1784 ikulu ilianza kubana matumizi, kazi nyingi zikapewa wengine. Malkia Marie-Antoinette, hata hivyo, hakumwacha.

Kisha yakaja mapinduzi ya mwaka wa 1789. Mfalme na malkia waliuawa mwaka wa 1793, na samani za Versailles zikapigwa mnada. Riesener alinunua baadhi ya kazi zake mwenyewe, akitumaini kuziuza baadaye kwa faida. Wapi! Wahenga walisema chema chajiuza, lakini siku zile hata chema kilikosa mnunuzi. Matajiri waliozipenda walikuwa wameuawa au wamekimbia. Fundi yule akalipwa kuondoa alama za kifalme kwenye samani, mikono ile ile iliyopamba sasa ikibandua. Meza ya Louis wa 15 nayo ilivuliwa alama zake.

Riesener alifariki mjini Paris tarehe 6 Januari 1806, utajiri wake ukiwa umeyeyuka.

Lakini meza ile ipo hadi leo katika jumba la Versailles, ambalo sasa ni makumbusho. Alama za mfalme ziling'olewa, jina la seremala likabaki. Basi mwenzangu, ukimwona mtu ameshika randa na patasi, usimcheke. Huenda anaandika jina lake mahali ambapo halitafutika.