Harvey Penick: Jamaa Aliyesikia Mlio wa Mpira Mmoja, Akazika Ndoto Yake na Kuunda Mabingwa

Kuna siku utakutana na msee anafanya ile kazi unajiaminia nayo, na ndani ya dakika moja utajua hutawahi kumfikia. Utado? Wengi wetu hununa, ama tunaanza kumtafutia makosa. Harvey Penick alirudi zake Austin, Texas, akaendelea kufunza watu. Hapo ndio stori inanoga.

Najua ukisikia gofu unawaza wazito, magari makubwa na dili za kimyakimya. Lakini tulia kwanza. Huyu mzee hakuzaliwa na hela. Alizaliwa Austin mwaka wa 1904, na akiwa na miaka minane tu tayari alikuwa kedi pale Austin Country Club, akibebea wenye nazo mifuko ya fimbo. Kufika 1923, hata miaka 20 hajafikisha, klabu hiyo hiyo ikampa kazi ya kuwa pro wake mkuu, yaani mchezaji wa kulipwa anayefunza wanachama. Kutoka kubeba mifuko hadi kuwaonyesha wenye mifuko vile fimbo inashikwa. Si mchezo.

Mwaka wa 1931 akachukua pia timu ya gofu ya Chuo Kikuu cha Texas. Lakini bado alikuwa na ndoto yake mwenyewe. Alitaka kuzunguka Marekani akishindana na wakali na kuokota zawadi za pesa. Miaka hiyo ya 30 akaenda mashindano ya Houston, na huko akamsikia kijana mmoja anaitwa Sam Snead akichapa mpira. Nimesema akamsikia, hujasoma vibaya. Ule mlio wa fimbo ikigonga mpira ndio ulimmaliza. Penick alijua yeye hawezi kutoa mlio kama huo hata afanye mazoezi mpaka mikono itoke malengelenge. Akaamua kazi yake ni kufunza.

Mimi niliacha chuo katikati, na kila mtu aliniambia nimekata tamaa mapema. Kwa hivyo hii sehemu nimeisoma zaidi ya mara moja. Kuna kuacha kitu ukitoroka, na kuna kuacha kitu kwa sababu umeona vizuri. Penick aliona vizuri.

Cheki sasa alichofanya na hiyo nafasi. Alikaa na timu ya chuo hadi 1963, na vijana wake wakabeba ubingwa wa Southwest Conference, ligi ya vyuo vya ukanda huo, mara 21. Lakini makombe hayo ni nusu ya mambo. Pale klabuni alikuwa anafunza yeyote aliyekuja na nia. Betsy Rawls, aliyesomea chuo hicho, alishinda US Women's Open mara nne. Kathy Whitworth alikuwa msichana wa mji mdogo wa Jal huko New Mexico, na mamake alikuwa akimwendesha mamia ya kilomita hadi Austin kwa sababu ya masomo ya huyo mzee. Whitworth alimaliza na ushindi mara 88 kwenye ligi ya LPGA. Themanini na nane, manze.

Halafu kulikuwa na watoto wawili wa hapo Austin, Tom Kite na Ben Crenshaw. Kite alikuwa wa kusaga mazoezi hadi giza, Crenshaw alikuwa na kipaji cha kuzaliwa nacho. Mwalimu mwingine angewaweka pamoja, awaambie waigane. Penick alikataa kabisa mmoja asitazame somo la mwenzake, kwa sababu dawa ya Kite ingekuwa sumu kwa Crenshaw. Sijui wewe, lakini mimi darasani nilipewa dawa moja na watu 60.

Kumbe miaka hiyo yote mzee alikuwa anaandika. Alikuwa na daftari jekundu, na kila alichogundua kuhusu kufunza alikinoti humo. Hakuonyesha mtu isipokuwa mwanawe Tinsley. Ilichukua kama miaka 60 kabla alipompa mwandishi Bud Shrake alisome, watoe kitabu.

Shrake alipopata mchapishaji, akapiga simu kusema ni dola 90,000. Penick alikuwa mzee sasa, mgonjwa, na bili za hospitali zilikuwa zimejaa. Hakulala vizuri. Kesho yake akamwambia Shrake kwa masikitiko kuwa hawezi kupata pesa nyingi hivyo. Alidhani ni yeye anatakiwa kulipa! Ikabidi aelezwe kuwa pesa zinakuja kwake. Kitabu kilitoka 1992, kikauza zaidi ya nakala milioni moja. Mwaka huo huo, Kite akashinda US Open.

Mwisho wake ndio unauma. Muda mfupi kabla afe, Crenshaw alienda kumwona, mchezo wake ukiwa umedorora. Mzee, akiwa kitandani, akamwambia achukue fimbo ya kusukumia mpira shimoni, akampa somo hapo hapo chumbani. Penick alifariki Jumapili, Aprili 2, 1995, akiwa na miaka 90. Jumatano Crenshaw na Kite wakabeba jeneza lake Austin. Alhamisi Crenshaw alikuwa Augusta, mashindano ya Masters yakianza.

Alikuwa na miaka 43 na hakuna aliyekuwa anamuwazia. Katika siku nne zote, hakuna shimo hata moja alihitaji kusukuma mpira mara tatu. Akashinda kwa pigo moja. Mpira wa mwisho ulipozama, akainama, akafunika uso kwa mikono, akalia mbele ya dunia nzima, huku kedi wake Carl Jackson akimshikilia.

Na unajua aliyekuja nambari mbili? Davis Love III. Babake, Davis Love Jr., alichezea timu ya chuo cha Texas, chini ya kocha Harvey Penick.